Birika la Maji ya Mvua Katika Nyumba Zetu



Mwaka jana, siku ya tatu ya Idi, jamaa walipokusanyika Maskati baada ya chakula cha mchana, mmoja wa watoto wa ndugu yangu alisimama akatoa rai yake juu ya nyumba yetu ya Lamu. Alisema kwa adabu, na sisi ami zake tukamsikiliza. Rai yenyewe ni hii: birika la chini ya kiwanda lifukiwe kwa kifusi, juu yake vijengwe vyumba viwili vya kupangisha, na kodi itakayopatikana itumike kutengeneza paa. Mfereji umo ndani ya nyumba, alisema, basi maji ya mvua ni ya nini tena?

Baadhi ya wakubwa walikasirika, na baadhi ya vijana wakaitikia kwa furaha. Mimi nilinyamaza, kwa sababu niliona kuwa hapana hata mmoja wetu, mkubwa wala mdogo, aliyeweza kueleza birika lile liliwekwa kwa nini. Basi nimeona niandike haya katika kitabu chetu cha mwaka, ili tutakapokutana tena kila mtu aseme akijua anachokisema.

Tuanze na nchi yenyewe. Visiwa vya Lamu, yaani Amu, Manda, Pate na vile vidogo vya kaskazini, havina mto. Ardhi yake ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha hupenya chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya kisiwa. Kisima kikichimbwa kwa kiasi hupata maji matamu. Kikichimbwa mno, au kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Wenye elimu ya maji wanasema kuwa maji matamu ya kisima yakishuka futi 1, chumvi iliyo chini huweza kupanda karibu futi 40. Wazee wetu hawakuwa na hesabu hiyo, lakini walijua kwa ulimi kisima kipi cha kunywa na kipi cha kuoshea vyombo. Mji wa Lamu umeishi tangu na tangu kwa maji yanayohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ndiyo inayoyajaza.

Manda, ng'ambo ya mkondo tu, hakukujaaliwa hivyo. Huko ndiko kuliko magofu ya Takwa, mji uliostawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Sababu mojawapo inayotajwa ni kuharibika kwa maji ya visima. Watu wake walivuka wakaja Shela, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kwenda Takwa, kwenye kaburi lenye nguzo, kuomba mvua. Fikirini jambo hilo: mji umekwisha, nyumba zimeanguka, na kilichobaki kuwaunganisha watu na kwao ni dua ya maji.

Maji katika miji yetu yalikuwa na nidhamu zamani sana. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa madhubuti, na kwenye kila mlango wa msikiti kisima kimoja au viwili vifupi. Watu wakiteka kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa dhiraa moja, wakiosha miguu kabla ya kuingia. Kila aliyelelewa na bibi wa pwani atakitambua chombo hicho, maana ni ndugu wa kata yetu ya kifuu cha nazi. Ukiteka kwa kata huwezi kumwaga ovyo.

Kutokana na haja ya udhu na haja ya kunywa, birika likaingia katika ujenzi wa nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwenye tanuu, na boriti za mikoko. Juu huwa na sakafu iliyoinamishwa kidogo ili maji yasituame, na maji hutoka kwa mlizamu. Fundi akitaka kuyahifadhi huupeleka mlizamu ule kwenye birika, nalo hupigwa lipu ya chokaa safi, hukandamizwa na kusuguliwa kwa jiwe mpaka liwe laini kama kaure.

Lipo na birika dogo la chooni, ambalo wengi wetu tunalikumbuka zaidi. Chini yake fundi alipachika bakuli la kaure la Kichina, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo. Wageni hudhani ni pambo. Samaki wale kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli liliwekwa ili birika likikauka au likisafishwa, samaki wabaki na maji kidogo wasife. Pia watu wa Lamu na Pate, wasiosoma kitabu chochote cha mbu, walikuwa na dawa ya mbu ndani ya nyumba.

Mahali ambapo kisima hakifai hata kuoshea, wazee walijenga jabia. Hili ni birika kubwa la watu wote, na pembezoni mwake huwa na uwanja uliosakafiwa na kuinamishwa ili mvua yote iteremke ndani. Majabia yako Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu na miji mingine ya huko, na mpaka leo, ukame ukizidi, khabari ya kwanza inayotoka huko ni kuwa majabia yamekauka. Jabia halijengwi na mtu mmoja wala halisafishwi na mtu mmoja. Kabla ya masika watu hutoka na mafagio.

Unguja kuna kisa kingine, na hiki ndicho kinachomsaidia mtoto wa ndugu yangu, kwa hivyo nisikifiche. Mji wa Zanzibar ulikunywa maji ya visima vilivyokaribiana na vyoo. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 kiliendelea mpaka 1870 na kuua watu kwa maelfu. Seyyid Barghash alipokalia kiti mwaka huo wa 1870, miongoni mwa mambo makubwa aliyofanya kabla ya kufariki mwaka 1888 ni kuleta maji mjini kutoka chemchemi ya Bububu. Hapana shaka mfereji ule uliokoa roho za watu. Anayesema kuwa kila cha zamani ni bora kuliko mfereji hajasoma khabari za mwaka 1869.

Lakini katika miaka hiyo hiyo kuna jambo la upande wa pili. Mabaharia wetu waliopandia Arabuni walikuwa wakitia nanga Aden, na Aden iko mabirika makubwa yaliyochongwa katika mwamba chini ya mlima ili kunasa maji ya mvua, nayo mvua ya huko ni haba kabisa. Yalikuwa yamejaa mawe na udongo, watu wameyasahau. Katika miaka ya 1850 Mwingereza mmoja aitwaye Playfair, aliyekuwa na kazi ya serikali huko, alishughulika kuyafukua na kuyatengeneza. Baadaye, katika miaka ya 1860, mtu huyu huyu aliwekwa kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Basi mabirika yaliyosahauliwa na wenyeji yalifukuliwa na mgeni, kwa gharama kubwa, baada ya kiu kumfundisha.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, maana sitaki nionekane mwalimu tu. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, kazi yangu nyumbani Lamu ilikuwa mlizamu. Ulikuwa na njia mbili: moja ya kutupa maji nje, na moja ya kuyapeleka birikani. Njia ya birika ilizibwa kwa gunia. Amri ya bibi ilikuwa kwamba mvua ya kwanza ya masika itupwe nje, ya pili pia itupwe, na sakafu ikishaoshwa ndipo gunia liondolewe. Mwaka huo mvua ilikawia. Ilipopiga usiku, kwa furaha nilikimbia nikaondoa gunia saa ile ile, nikidhani nitasifiwa.

Asubuhi birika lilikuwa na vumbi la kaskazi yote, kinyesi cha kunguru na majani yaliyooza. Bibi hakunipiga. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Haya, litolewe lote." Tulilikausha kwa ndoo siku mbili, tukalisugua kwa chokaa. Mvua ya mwaka huo ikawa chache, birika halikujaa tena, na tangu Januari mpaka masika yaliyofuata shangazi zangu walichota maji ya kunywa kwa majirani, mtungi kwa mtungi. Hapana jirani aliyewafungia mlango. Lakini kila mtungi ulioingia ndani, mimi niliuona. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tukaja huku. Waliokuja Oman baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, walikuta nchi yenye hekima yake ya maji, nayo ni falaj: mfereji unaotoa maji chini ya ardhi au kwenye chemchemi, ukayapeleka mjini kwa mteremko tu bila ya mashine. Maji hugawiwa kwa zamu, na zamu ilipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku. Mwaka 2006 aflaj tano, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa, ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Hata hivyo Maskati hupata kiasi cha milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, na tangu 1976 mji umekuwa ukitegemea zaidi na zaidi maji ya bahari yanayoondolewa chumvi.

Mnamo Juni 2007 ilipokuja tufani ya Gonu, mitambo ya maji ilisimama. Nje mabonde yalijaa, magari yalichukuliwa na mafuriko, na ndani ya nyumba zetu mifereji ilikauka kwa siku kadhaa. Tulipanga foleni tukiwa na madumu. Mke wangu aliweka sufuria zote uwani, akakinga mvua iliyobaki. Siku ile nilimkumbuka bibi.

Basi tuhesabu, kwa kuwa vijana wetu wanapenda hesabu, na wana haki. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Sakafu yetu ya Lamu ni kama mita 60 za mraba. Lamu hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Hizo ni lita 54,000. Tuondoe humusi moja kwa maji ya kwanza yanayotupwa na yanayopotea, zitabaki lita 43,200, yaani madebe 2,400 ya lita 18. Jamaa ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 10 kwa kunywa na kupikia, huhitaji lita 60 kwa siku. Kiangazi cha siku 120 ni lita 7,200. Birika letu ni mita 2 kwa 2, kwenda chini mita 2: lita 8,000. Ndugu zangu, sikuamini nilipomaliza. Aliyelichimba alilikadiria sawasawa na haja ya nyumba, bila ya karatasi.

Kwa upande wa gharama, birika halijafa. Limepata ufa upande wa kibla na lipu imebambuka. Linataka kukaushwa, ufa uzibwe, lipigwe chokaa upya na fundi anayeijua, mfuniko mzito uwekwe wa kuzuia watoto na paka, na wavu mwembamba kwenye mdomo wa mlizamu wa kuzuia mbu. Paa nalo lisitiwe rangi yenye risasi. Maji ya kunywa yachemshwe, kama tunavyochemsha hata ya mfereji. Kwa kuoga na kufulia, tuutumie mfereji na kumshukuru Mungu.

Rai ya mtoto wetu ina ukweli ndani yake: paa linavuja, na mapenzi ya birika hayazibi paa. Mimi nasema tuanze na paa, maana bila ya paa zima birika halina maji. Vyumba vya kupangisha vijengwe upande wa ghala, sio juu ya birika. Mimi niko tayari kutoa fungu la kwanza. Kila lita tunayoikinga ni lita isiyovutwa Shela, na visima vya Shela ni vya mji mzima, pamoja na majirani wale waliotupa mitungi yao mwaka nilioharibu maji.

Tutakapokutana Idi ijayo, inshallah, naomba kila nyumba, ya Maskati, ya Dubai, ya London na ya Toronto, ije na jibu lake. Na mtoto wa ndugu yangu ndiye nitakayemwomba aongoze hesabu. Alikuwa na ujasiri wa kuuliza mbele ya wakubwa, na bila ya swali lake mimi nisingepima birika.

Wabillahi tawfiq.