Kadi za Michoro katika Utafutaji wa Vigawo vya Namba za Mersenne

Kadi ya michoro ni kifaa cha kompyuta kilichobuniwa kwa ajili ya kuchora picha, hasa za michezo, ambacho tangu miaka ya 2000 kimegeuzwa pia kuwa mtambo wa hesabu nzito. Miongoni mwa kazi zilizokipokea mapema ni utafutaji wa vigawo vya namba za Mersenne, yaani namba zenye umbo la 2ᵖ − 1, unaofanywa kwa kugawana kazi kati ya maelfu ya kompyuta za watu wanaojitolea. Namba tasa, ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe, haina kigawo kingine cha kutafutwa. Kinachosakwa ni kigawo cha namba inayochunguzwa kabla utasa wake haujajulikana, na kikipatikana kimoja tu, namba hiyo huondolewa katika orodha bila kufanyiwa jaribio refu la utasa. Ulinganishaji wa kadi katika kazi hii umekuwa somo la pekee, kwa sababu kadi inayoshinda katika michezo, au katika majaribio ya utasa yenyewe, mara nyingi hushindwa hapa, na kinyume chake.

Usuli

Namba hizi zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyechapisha mwaka 1644 orodha ya vipeo, yaani thamani za p, alivyodai kuwa vinatoa namba tasa, orodha ambayo baadaye ilionekana kuwa na makosa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1, iliyokuwamo katika orodha hiyo, si tasa, lakini vigawo vyake havikujulikana hadi mwaka 1903, Frank Nelson Cole alipovionyesha mbele ya Chama cha Hisabati cha Marekani: 193,707,721 na 761,838,257,287. Mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwezi Januari 1996, uliiweka kazi hiyo mikononi mwa umma kwa programu yake ya Prime95, na mwaka uliofuata Scott Kurowski akatengeneza seva ya PrimeNet inayogawa kazi na kupokea majibu kupitia intaneti.

Namna kigawo kinavyotafutwa

Kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1, ikiwa p ni tasa isiyo 2, lazima kiwe na umbo la 2kp + 1, ambapo k ni namba kamili, na kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Kwa 2¹¹ − 1, yaani 2047, k ya kwanza inatoa 23, ambayo inafaa. Ya pili inatoa 45 na ya tatu 67, zote mbili zikiondolewa na sharti la 8. Ya nne inatoa 89, na zao la 23 na 89 ndilo 2047 yenyewe. Kwa namba ndogo kama hii kalamu na karatasi vinatosha, lakini kwa kipeo cha milioni 100 hivi, nafasi moja tu ya utafutaji, ile iliyo kati ya 2⁷⁵ na 2⁷⁶, ina thamani za k zipatazo trilioni 189.

Wingi huo hupunguzwa kwa hatua mbili. Kwanza thamani za k hupangwa katika makundi 4,620, namba inayotokana na kuzidisha 4, 3, 5, 7 na 11, na kati ya makundi hayo ni 960 tu yanayoweza kuwa na kigawo kinachofaa, hivyo karibu asilimia 79 ya kazi huondoka kabla ya hesabu yoyote kuanza. Pili, thamani zilizosalia hupitishwa katika chekecho la namba tasa ndogo, linaloondoa kila kigawo kinachogawanyika kwa 13, 17, 19 na kuendelea, kwa kuwa kigawo kisicho tasa hakina haja ya kujaribiwa. Kinachobaki kinajaribiwa kwa kukokotoa baki la 2ᵖ, yaani kwa kuanza na 2 na kupiga mraba mara kwa mara kwa kufuata biti za p, huku kila jibu likigawanywa kwa kigawo kinachojaribiwa na kubakizwa baki lake peke yake. Kwa kipeo cha milioni 100 miraba hiyo haizidi 27, na michache ya mwanzo huweza kurukwa kwa sababu namba bado ni ndogo. Baki la mwisho likiwa 1, kigawo kimepatikana.

Jambo linaloifanya kazi hii ifae sana kwa kadi za michoro ni kwamba kila jaribio linajitegemea kabisa. Halihitaji jibu la jirani yake, halihitaji kumbukumbu kubwa, na linafuata njia ileile ya hatua kwa hatua kama mengine yote. Ndiyo sababu maelfu ya viini vya kadi, yaani vipande vidogo vya kukokotoa vinavyofanya kazi kwa pamoja, huweza kushughulishwa vyote bila kusubiriana. Programu ya mfaktc, iliyoandikwa na Oliver Weihe kwa kadi za NVIDIA baada ya kampuni hiyo kutoa mfumo wa CUDA mwaka 2007, na mfakto, iliyotokana nayo kwa ajili ya kadi za AMD kwa mfumo wa OpenCL, ndizo zilizoihamisha kazi hii kutoka katika prosesa za kawaida. Katika matoleo ya mwanzo ya mfaktc, kuchekecha kulifanywa na prosesa ya kompyuta na kadi ikaachiwa majaribio tu, kwa hiyo kadi yenye nguvu iliyowekwa katika kompyuta dhaifu ilikaa ikisubiri. Toleo la 0.20 lililihamishia chekecho ndani ya kadi yenyewe, na vipimo vyote vya kabla yake havifai tena kulinganishwa na vya baadaye.

Kinachoamua kasi

Kigawo cha biti 76 hukaa katika maneno matatu ya biti 32, neno likiwa ni kipimo cha namba ambacho kiini hukishughulikia kwa mpigo. Kupiga mraba wa maneno matatu kunahitaji mazao sita tofauti, kila moja likiwa na nusu ya juu na nusu ya chini, na kugawanya hugeuzwa kuwa kuzidisha kwa mbinu ya Barrett, inayotumia kinyume cha kigawo kilichokokotolewa mara moja mwanzoni. Kwa sababu hiyo karibu kila kitu kinategemea swali moja: kadi inaweza kuzidisha namba kamili za biti 32 mara ngapi kwa sekunde? Swali hili halijibiwi na namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi la kadi, kwani hizo huhesabu desimali, na watengenezaji wamebadilisha uwiano kati ya desimali na namba kamili mara kwa mara, kila kizazi kwa namna yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa GTX 580 ya mwaka 2010 na GTX 680 ya mwaka 2012, zote za NVIDIA. Ya kwanza ina viini 512 na uwezo wa hesabu za desimali trilioni 1.58 kwa sekunde. Ya pili ina viini 1,536 na uwezo wa trilioni 3.09, yaani karibu maradufu. Hata hivyo, GTX 580 ina mafungu 16 ya viini, kila fungu likizidisha namba kamili 16 kwa kila pigo la saa ya gigahezi 1.544, jumla yake ikiwa bilioni 395 kwa sekunde, wakati GTX 680 ina mafungu 8 tu, kila moja likizidisha 32 kwa pigo la gigahezi 1.006, jumla bilioni 257. Kadi mpya, iliyosifiwa kwa haki kwa michezo na kwa kupunguza umeme kutoka wati 244 hadi 195, ilikuwa hatua ya kurudi nyuma kwa watafuta vigawo, na wengi wao walishikilia kadi zao za zamani kwa miaka.

Vizazi viwili vilivyofuata, Maxwell na Pascal, viliziba pengo hilo kwa sehemu tu, kwa kuwa havikuwa na amri moja ya kuzidisha biti 32 na vililazimika kuijenga kwa amri kadhaa ndogo. Mapinduzi ya kweli yalikuja na kizazi cha Turing mwaka 2018, kilichoipa kila fungu njia ya pekee ya namba kamili inayofanya kazi sambamba na ile ya desimali. Kwa desimali, RTX 2080 Ti ilizidi GTX 1080 Ti kwa chini ya moja ya tano, trilioni 13.4 dhidi ya 11.3, na kadi zote mbili zilipangiwa wati 250. Kwa vigawo, tofauti yake ilikuwa ya mara kadhaa. Kisha mwaka 2020 ikaja RTX 3080, yenye viini 8,704 na desimali trilioni 29.8, ambayo kwa karatasi ni zaidi ya maradufu ya 2080 Ti. Lakini kadi hizo mbili zina idadi ileile ya mafungu, 68, na kila fungu linazidisha namba kamili 64 kwa pigo katika zote mbili, hivyo faida iliyobaki ni ya mwendo wa saa peke yake, kama moja ya kumi, na gharama yake ni wati 320 badala ya 250. Kwa kila wati, kadi ya zamani ndiyo bora. Mtu aliyenunua kadi mpya kwa kuangalia idadi ya viini alilipia nguvu ambayo kazi hii haiwezi kuitumia.

Ukubwa wa kumbukumbu na mwendo wake hauna athari yoyote ya maana katika utafutaji wa vigawo, wala upana wa njia inayounganisha kadi na kompyuta. Aidha, kosa la kadi halina madhara makubwa: kigawo cha uongo hugunduliwa mara moja na seva kwa mgawanyo mmoja, na kigawo kilichokosekana husababisha tu jaribio la utasa lililoweza kuepukwa. Ndiyo maana kadi za bei nafuu zisizo na ulinzi wa kumbukumbu hufaa hapa kikamilifu.

Kadi za AMD

Kadi za AMD za kizazi cha GCN huzidisha biti 24 kwa kasi kamili lakini biti 32 kwa robo yake, na mfakto imeandikwa kwa kuzingatia hilo.

Kipimo cha kazi

PrimeNet hupima kazi kwa siku za gigahezi, kipimo kinacholingana na kazi ya siku moja ya kiini kimoja cha prosesa ya Core 2 chenye saa ya gigahezi 1. Awali kipimo kilikuwa mwaka mmoja wa Pentium ya megahezi 90. Majedwali ya kulinganisha kadi hutaja siku za gigahezi kwa kila siku, na yaliyo bora huongeza wati na bei. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba alama zake zilipangwa kwa prosesa, hivyo kadi ya michezo hupata kwa vigawo alama nyingi mara makumi kuliko inazopata kwa majaribio ya utasa, na si halali kuzilinganisha alama za kazi hizi mbili kana kwamba ni mamoja. Vilevile mfaktc huchagua njia tofauti ya hesabu kulingana na idadi ya biti, kwa hiyo kadi mbili zilinganishwe kwa kipeo na nafasi ileile.

Mahali pa kusimama

Uwezekano wa kupata kigawo kati ya 2⁷⁵ na 2⁷⁶ ni takriban 1 kwa 76, na kila biti inayoongezwa huongeza gharama maradufu huku uwezekano ukipungua kidogo. Kuna basi mpaka ambapo gharama ya biti inayofuata inazidi kazi ambayo ingeokolewa, na mpaka huo hautegemei kasi ya kadi kwa vigawo peke yake bali uwiano wa kasi hiyo na kasi ya kadi ileile katika jaribio la utasa. Jaribio hilo, liwe la Lucas-Lehmer, linalothibitisha utasa, au la PRP, linaloonyesha kwamba namba huenda ni tasa, hutumia desimali za usahihi maradufu na husoma kumbukumbu bila kukoma. RTX 2080 Ti hutoa desimali za usahihi maradufu kwa moja ya 32 tu ya kasi yake ya kawaida, na hivyo inafaa kusukuma vigawo mbali. Radeon VII ya mwaka 2019, yenye uwiano wa moja ya nne na kumbukumbu inayosomwa kwa terabaiti moja kwa sekunde, inafaa kuacha mapema na kuingia katika jaribio lenyewe kwa programu ya gpuOwl ya Mihai Preda. Kwa hiyo kadi hizi mbili haziwezi kupangwa katika safu moja ya bora na duni.

Mpaka huo umewahi kuhama. Zamani jaribio la utasa lilirudiwa na mtu mwingine kwa ajili ya uhakiki, kwa hiyo kigawo kimoja kiliokoa majaribio mawili. Tangu mwaka 2020 jaribio la PRP huambatana na uthibitisho unaohakikiwa kwa sehemu ndogo sana ya gharama, na kigawo sasa huokoa jaribio moja na kidogo. Mpaka ukashuka kwa biti moja hivi.

Miradi mingine

PrimeGrid, iliyoanza mwaka 2005, hutumia kadi za michoro kwa majaribio ya utasa na chekecho. Uvunjaji wa namba za RSA, ambazo kila moja ni zao la namba tasa mbili kubwa, ukiwemo ule wa RSA-250 uliokamilika mwaka 2020, umetegemea zaidi prosesa za kawaida.

Hali ya sasa

Tarehe 12 Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani alipata 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, na hiyo ndiyo namba tasa ya Mersenne ya kwanza kugunduliwa kwa kadi za michoro. Kadi ya A100 iliyokuwa Dublin ilitoa dalili ya kwanza, na H100 iliyokuwa San Antonio, Texas, ikathibitisha kwa jaribio la Lucas-Lehmer. Zote mbili ni kadi za vituo vya data zenye usahihi maradufu wa kiwango cha juu, ambazo si za bei ya mtu wa kawaida. Kadi za michezo zinaendelea kufanya sehemu kubwa ya utafutaji wa vigawo.