Dido Elizabeth Belle katika Nyumba ya Kenwood

Wageni waendao Kenwood, kaskazini mwa London, huenda kutazama picha. Humo imo ile ambayo Rembrandt alijichora mwenyewe uzeeni, na mojawapo ya kazi chache za Vermeer zilizobaki duniani; zote zilitolewa kwa umma mwaka 1927 katika wosia wa Edward Cecil Guinness, tajiri wa bia. Bustani nayo yashuka taratibu hadi majini, na huko chini laonekana daraja jeupe. Ukilikaribia wagundua kwamba si daraja, bali ni mbao zilizosimamishwa zipendeze macho kutoka nyumbani. Nasi tulidanganyika.

Lakini sisi twapenda kuuliza habari za mtu mmoja aliyelelewa humo. Mwenye nyumba katika karne ya 18 alikuwa Lord Mansfield, Jaji Mkuu. Mpwa wake, nahodha John Lindsay, alizaa mtoto na mwanamke mtumwa aitwaye Maria. Mtoto huyo, Dido Elizabeth, alibatizwa London mwaka 1766, akiwa na umri wa miaka mitano. Katika kitabu cha ubatizo jina la Lindsay halimo. Baba ameandikwa kuwa Bell, mume wa Maria. Sisi tutunzao vitabu vya namna hiyo twajua jinsi mstari mmoja uwezavyo kuficha jambo.

Mgeni mmoja aliyekula Kenwood mwaka 1779 aliandika kwamba Dido aliingia baada ya chakula, akaketi na akina mama wakati wa kahawa. Alipendwa, naye alisimamia maziwa na kuku. Ila mezani pamoja na wageni hakuwapo. Katika picha aliyochorwa pamoja na binamu yake Elizabeth, ambayo leo iko Scone, Uskoti, Elizabeth ana kitabu mkononi, Dido amebeba matunda.

Mwaka 1772 Mansfield alikuwa ameamua, katika shauri la James Somerset, kwamba bwana hawezi kumtoa mtumwa Uingereza kwa nguvu. Wengi walidhani utumwa umekoma huko. Yeye mwenyewe hakudhani hivyo. Katika wosia wake alimwachia Dido fedha za kila mwaka, kisha akaona ni lazima kuthibitisha kwa maandishi kwamba Dido ni mtu huru.