Nguvu au kona? Historia fupi ya gari la michezo la mtu wa kawaida

Huku kwetu ukimwonyesha mtu gari, swali la kwanza ni moja tu: "Cc ngapi?" Hakuna anayeuliza linakata kona vipi. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu alikuwa na hela ya kufanya jambo moja kwenye kigari chake cha milango miwili: kuweka injini kubwa zaidi, au kununua tairi na shokapu mpya. Akaniomba ushauri. Nikamjibu, "We weka injini bwana, hayo mengine yatakuja." Haikupita miezi mitatu, akaacha njia kwenye kona za Kitonga. Alipona, ila mguu wake wa kulia haukunji vizuri hadi leo. Tangu hapo nasoma historia ya magari haya kama mtu anayesubiri hukumu yake.

Tuanze Uingereza, mwaka 1962. Mwaka huo ilitoka MGB, gari la wazi la mtu mwenye mshahara wa kawaida, injini ya lita 1.8, nguvu za farasi 95 hivi. Si nyingi. Hata hivyo liliendelea kutengenezwa mpaka 1980, na yakauzwa zaidi ya nusu milioni. Mwaka uleule wa 1962 Colin Chapman alitoa Lotus Elan, ghali zaidi lakini jepesi mno. Hoja ya Chapman ilikuwa rahisi: ukiongeza nguvu, gari linafaidika zaidi kwenye barabara iliyonyooka. Ukipunguza uzito, linafaidika kila mahali: kuondoka, kufunga breki, na kukata kona.

Wamarekani walikuwa na jibu lao. Ford Mustang ilipotoka Aprili 1964, bei ilianzia chini ya dola 2,400, na mwenye kuongeza hela alipewa injini ya V8. Siwalaumu. Barabara zao nyingi ni ndefu na zimenyooka, petroli ilikuwa rahisi. Kila watu na barabara zao.

Kisha MGB ikafa, na kwa miaka kadhaa gari dogo la wazi lilionekana kama jambo la wazee. Waliolifufua ni Wajapani. Mwaka 1989 Mazda walitoa MX-5: injini ya lita 1.6, nguvu za farasi kama 115, uzito chini kidogo ya tani moja. Wahandisi wake walikuwa na msemo, jinba ittai, yaani mpanda farasi na farasi wake kuwa kitu kimoja. Kufika 2016 walikuwa wametengeneza MX-5 milioni moja.

Na Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu. Safari Rally ya 1974 Joginder Singh, mtoto wa Kericho, alishinda na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911 ya lita 2.7. Sisemi Porsche ilikuwa haishiki barabara, la hasha. Na kwenye tope na mawe yale ustahimilivu wa gari na akili ya dereva vina uzito wake. Ninachosema ni kwamba aliyeuliza "cc ngapi?" siku ile asingemjua mshindi.

Lakini niwe mkweli, upande wa pili nao una hoja. Mwaka 2012 Toyota walitoa GT86: nguvu za farasi 200, na tairi za aina iliyokuwa ikifungwa kwenye Prius, makusudi, ili dereva asikie gari linavyocheza hata akiwa mwendo wa kawaida. Wengi walilipenda, na wengi wakalalamika kwamba injini inazubaa katikati. Gari lililofuata, GR86, likaja na injini ya lita 2.4. Hata Mazda waliiongezea nguvu MX-5 yao ya lita 2.0. Na yeyote aliyewahi kukwama nyuma ya lori mlimani anajua kwamba kuovateki kwa injini dhaifu nako ni hatari.

Ila tazama mpangilio. Toyota walijenga kwanza gari linalotii usukani, ndipo wakaongeza nguvu. Mimi nilimshauri binamu yangu aanze na nguvu, juu ya tairi vipara na shokapu zilizochoka. Ndiyo hukumu niliyoipata, na sina pa kukata rufaa.

Mwezi uliopita alinipigia. Kapata gari jingine, dogo, kutoka Japani. Nikaona anasubiri nimuulize cc.

"Tairi zikoje?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mpya zote nne, kaka. Shokapu nabadilisha Jumamosi. Njoo unishikie tochi."

Nilienda.