Ajira ya Mpiga Endingidi

Okestra ya Ulaya ina fidla za nyuzi nne. Ankole, kusini magharibi mwa Uganda, ina endingidi, yenye uzi mmoja, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Mwili wake ni kigogo kifupi kilichochimbwa ndani, mdomo mmoja ukawambwa ngozi, mara nyingi ya kenge. Upinde ni kijiti kilichokunjwa, kikafungwa nyuzi za katani na kupakwa utomvu ili zikwaruze vizuri. Mpigaji habanii uzi kwenye ubao kama afanyavyo mpiga fidla. Anaugusa uzi ukiwa hewani, na sikio ndilo linalomwambia sauti iko wapi. Akiteleza kidogo tu, kila mtu amesikia.

Wengi huiita ala ya mababu. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyesimamia makumbusho ya Uganda huko Kampala kuanzia 1948 hadi 1957, aliandika kwamba ilizuka Buganda karibu 1907, mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe mjini Berlin. Tukimwamini, reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 inaizidi umri! Lakini haikukawia kupata ndugu: Wanyarwanda wana iningiri, Warundi indingiti, Wajaluo orutu.

Ndiyo maana Nakivale, kusini mashariki ya Mbarara, ni mahali pa kutazamwa na mwanahistoria wa muziki. Makazi hayo yalitangazwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Baadaye wakaja Warundi, Wakongo, Wasomali na Waethiopia, ambao kwao kuna masenko, nayo ya uzi mmoja, ila uzi wake ni wa manyoya ya farasi. Sehemu kubwa ya ramani ya zeze za Afrika Mashariki imekusanywa na vita katika wilaya moja, Isingiro.

Je, mpigaji alikula wapi? Buganda, ikulu iliwatunza wanamuziki wake mpaka Mei 1966, jeshi la serikali ya Milton Obote lilipoishambulia Lubiri, ikulu hiyo ya Kabaka, wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zote zikafutwa, wa Ankole ukiwemo, na huo wa Ankole haukurudishwa pamoja na nyingine mwaka 1993. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Buganda, alikuwa amekwisha kupata mwajiri mwingine: makumbusho yale ya Kampala. Huko alizipiga na kuzifundisha ala za Kiganda, akaziunganisha endingidi, filimbi, marimba na ngoma katika kundi moja. Ikulu kila ala ilikuwa na watu wake na zamu yake. Okestra hiyo ni kitu cha karne ya 20.

Mbarara leo mwajiri mkubwa ni harusi. Kwenye kuhingira, sherehe ya kumtoa bibi harusi kwao, vikundi vya utamaduni hulipwa kwa kuimba na kucheza, na mwenye upinde hupata fungu lake.

Njia ya karatasi, ya kuandika muziki, aliipita mtunzi Justinian Tamusuza, aliyezaliwa 1951. Alisoma kwa mtunzi Joseph Kyagambiddwa, kisha Marekani, akaandika muziki wa fidla mbili, viola na sello uitwao Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, wenye mahadhi ya Kiganda. Kundi la Kronos Quartet la San Francisco liliurekodi katika albamu Pieces of Africa ya 1992, iliyoshika nafasi ya kwanza kwenye orodha za Billboard za muziki wa klasiki na wa dunia. Muyinda, ili asikike, ilimbidi awepo mwenyewe. Tamusuza alituma nota.