Likizo ya ufuo Kisian: Ya kuzingatia kabla ya safari
Kisian iko magharibi ya mji wa Kisumu, mbele ya uwanja wa ndege, mahali ambapo barabara ya Bondo huachana na ile ya Busia. Anayetaka kupumzika kando ya Ziwa Victoria mbali na kelele za mji hufika hapa kwa matatu kwa muda mfupi.

Hata hivyo, mgeni aliyezoea Bahari Hindi na auache nyumbani ubao wake wa kutelezea mawimbini. Ghuba ya Winam ina kina kifupi, imezingirwa na nchi kavu, na mawimbi yake huletwa na upepo tu. Asubuhi maji huwa shwari kwa kawaida. Alasiri upepo huvuma kutoka ziwani, na dhoruba huweza kuzuka ghafla, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Panda mashua asubuhi, na pasipo jaketi la kujiokolea usipande kabisa.

Hatari iliyo kubwa, na isiyoonekana, ni kuoga. Konokono waishio penye matete hueneza kichocho, ambacho vimelea vyake hupenya ngozi kwa dakika chache. Kujifuta kwa taulo hakutoshi. Aliyeingia majini na apimwe hospitalini baada ya majuma sita hadi manane. Viboko nao hutoka usiku kula majani.

Mchanga mweupe uko mbali zaidi: fuata barabara ya Bondo hadi Ndori, ugeukie Luanda Kotieno, uvuke kwa feri hadi Mbita, kisha ukodi mashua ya kisiwa cha Takawiri.