Kumtoa Mpendwa Kafara: Kutoka Hadithi za Mvua hadi Tamthilia za Video Kando ya Ziwa Victoria

Katika tamthilia za video na runinga zilizotazamwa jijini Mwanza katika mwongo wa kwanza wa karne hii, onyesho moja lilijirudia mno hata watazamaji wakalitambua kabla halijafika. Mtu aliyeshindwa na maisha hupelekwa usiku kwa mganga. Mganga humwahidi utajiri, kisha hutaja sharti. Sharti hilo si mbuzi wala kuku mweusi. Ni mama, mke au mtoto wa kwanza, na mara nyingi husisitizwa kwamba awe yule anayependwa kuliko wote. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kanda ya Ziwa dawa ya namna hiyo huitwa ndagu, na tendo lenyewe huitwa kumtoa mtu kafara. Makala haya yanachunguza historia ya sharti hilo. Inadaiwa humu kwamba wazo la kumtoa mmoja kwa manufaa ya wengi ni kongwe katika eneo hili, na kwamba tamthilia hazikulibuni. Zilichobadilisha ni mambo mawili: ni nani anayenufaika, na uamuzi unafanyika wapi.

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Kafara ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu linahusu malipo ya kufutia kosa. Katika Kiswahili cha pwani lilipata maana ya kitu kinachotolewa ili kuondoa balaa, kama vile chakula kinachotupwa njia panda ili maradhi yaondoke pamoja nacho. Katika matumizi hayo kafara haileti mali. Inaondoa kitu kibaya ambacho tayari kimeingia nyumbani au mtaani. Msemaji wa leo anayesema kwamba fulani kamtoa mwanawe kafara ili apate mabasi ameligeuza neno uso kuwa kisogo: kilichokuwa kinga kimekuwa mtaji. Mtafiti anaona kwamba mgeuko huu wa maana ni ushahidi wa kihistoria kama ulivyo waraka wowote wa kwenye nyaraka za taifa, na inashangaza kwamba haujapewa uzito katika tafiti za fasihi ya Kiswahili.

Simulizi inayoonyesha vyema hali ya zamani imehifadhiwa na Grace Ogot, mwandishi Mjaluo aliyezaliwa Nyanza mwaka 1930. Wajaluo wameenea pande zote mbili za mpaka, na wale wa Rorya mkoani Mara wanayanywa maji ya ziwa lile lile. Katika hadithi yake fupi iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kuingizwa katika mkusanyo wa mwaka 1968, nchi imekauka. Mganga wa mvua anamweleza chifu Labong'o kwamba wahenga wameagiza msichana mmoja atolewe kwa dude la ziwani, na msichana huyo ni Oganda, binti wa pekee wa chifu mwenye wana wengi wa kiume. Ogot hamfanyi Labong'o kuwa mkatili. Anamwonyesha akijua kwamba akikataa, watoto wa watu wengine watakufa kwa kiu, na kwamba yeye ni baba wa wote kabla ya kuwa baba wa Oganda. Anaitangaza habari hiyo hadharani. Watu wanacheza na kumsifu binti, na wanamletea zawadi. Mama yake peke yake ndiye anayelia kilio kisicho na sherehe.

Hesabu hapa iko wazi: roho moja dhidi ya roho za kabila zima. Lakini mwisho wa hadithi unaivuruga hesabu hiyo. Osinda, kijana anayempenda Oganda, anamfuata hadi karibu na ziwa, anamfunika kwa vazi la majani ili wahenga wasimwone, na wanatoroka pamoja. Kisha mvua inanyesha, mvua kubwa, ingawa kafara haijakamilika. Baadhi ya wahakiki huona mwisho huu kama huruma ya mwandishi kwa wasomaji wake. Mtafiti hakubaliani nao. Mvua inayonyesha bila kafara inauliza swali ambalo hakuna mtu kijijini aliyethubutu kuliuliza: mganga alijuaje?

Kwenye visiwa vya upande wa Tanzania, swali hilo lilijibiwa kwa njia nyingine. Gerald Hartwig, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu, anaeleza kwamba mtawala wa Ukerewe, aliyeitwa Omukama, alibeba dhamana ya mvua. Iliponyesha kwa wakati wake alisifiwa, na ukame ulipozidi aliweza kuondolewa madarakani. Desturi ya kumwajibisha mtemi kwa ajili ya mvua ilikuwapo pia Usukumani bara. Kwa maneno mengine, jamii ilipolazimika kuchagua mmoja wa kubeba gharama ya wengi, aliyekuwa karibu zaidi na hatari ni yule aliyekaa kitini. Hartwig anaongeza jambo jingine ambalo ni muhimu kwa hoja yetu: katika karne ya 19, biashara ya pembe za ndovu ilipopanuka na maradhi mapya yakaingia pamoja na misafara, tuhuma za uchawi miongoni mwa Wakerewe ziliongezeka. Mali mpya ilikuja na shaka juu ya namna ilivyopatikana.

Mwana wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika riwaya yake kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Humo hakuna dude la ziwani. Kuna mume, Myombekere, na mke, Bugonoka, ambao hawana mtoto. Kwa hesabu ya ukoo, mke asiyezaa ni hasara, na manufaa ya wengi yanadai aachwe. Myombekere anakataa. Wakwe wanapomchukua binti yao kwa sababu ya matusi ya ndugu wa mume, anakwenda kumwomba na kukubali kulipa faini ya pombe ya ndizi, na msomaji anaelezwa kwa kurasa nyingi jinsi pombe hiyo inavyotengenezwa. Wapo wanaochoshwa na kurasa hizo. Mtafiti anaziona kuwa ndiyo falsafa ya kitabu: mpendwa hapimwi dhidi ya faida ya ukoo, anagharimiwa, kwa jasho, hatua kwa hatua, mbele ya majirani.

Ulaya nako hesabu hii ilikuwa na historia yake. Jeremy Bentham aliiweka katika kitabu mwaka 1789, na John Stuart Mill akaitetea mwaka 1861: tendo jema ni lile linaloongeza furaha ya jumla, na kila mtu ahesabiwe kuwa mmoja, asizidi mmoja. Ila aliyeifikisha sebuleni ni William Godwin. Mwaka 1793 aliwaza nyumba ya Askofu Mkuu Fénelon ikiungua, na humo wamo askofu na mtumishi wake wa kike. Ni mmoja tu anayeweza kuokolewa. Godwin alisema aokolewe askofu, kwa kuwa maandishi yake yatawafaa maelfu, hata kama mtumishi huyo ni mke au mama wa mwokoaji. Wasomaji walikasirika. Katika matoleo ya baadaye alimgeuza mtumishi kuwa mwanamume, na ndugu wa kuachwa motoni akawa baba au kaka. Kanuni ilibaki vile vile. Kilichohama ni jinsia ya anayeungua.

Ukilinganisha Godwin na mganga wa tamthilia, tofauti inajitokeza mara moja. Kwa Godwin, upendo ni kelele inayopaswa kunyamazishwa ili hesabu itoke sawasawa. Kwa mganga wa ndagu, upendo ndiyo sarafu yenyewe. Mtu usiyempenda hafai. Ungemtoa bila kupoteza kitu, na dawa isingeshika. Kwa hiyo si sahihi kuiita ndagu falsafa ya manufaa ya wengi, kama walimu wetu wa darasani walivyozoea kufanya walipotafuta mfano wa haraka. Imeazima umbo la hesabu hiyo, mmoja kwa ajili ya kitu kikubwa zaidi, lakini kikubwa hicho ni gari na nyumba ya mtu mmoja.

Umbo hili lilipata picha yake mashuhuri Nigeria mwaka 1992, katika filamu ya Kiigbo Living in Bondage iliyotayarishwa na Kenneth Nnebue. Andy, mwanamume aliyechoshwa na umaskini, anajiunga na kundi la siri na kumtoa mkewe Merit. Anatajirika, kisha mzuka wa Merit unamwandama. Filamu za Nigeria zilipoenea Afrika Mashariki, zilikuta runinga ikiwa ngeni Tanzania Bara, ambako vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Zilitazamwa zaidi katika vibanda vya video, na zilifasiriwa na wasimuliaji kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Wasanii wa Dar es Salaam nao wakaingia katika uwanja huo. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, na majini na mizimu yakazungumza Kiswahili cha mjini.

Mwandishi wa makala haya alizitazama akiwa mwanafunzi wa sekondari Mwanza, kwa kiingilio cha sarafu chache, juu ya benchi la mbao. Sharti lilipotajwa, kibanda kizima kilipiga kelele kumwonya mhusika. Kelele hizo ndizo zilizoziba nafasi ya baraza lisilokuwamo ndani ya filamu. Labong'o alitangaza uamuzi wake mbele ya watu. Mhusika wa video huamua peke yake, gizani, na jirani haitwi kamwe.

Mji uliokuwa nje ya kibanda ulikuwa na sababu za kuuamini mchezo huo. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 katikati ya maelfu ya wachimbaji wadogo. Watu wawili waliotoka mwalo mmoja, wenye mtumbwi wa aina moja, walijikuta mmoja ana ghorofa na mwingine ana deni. Deborah Bryceson na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, waliyahusisha mauaji ya watu wenye ualbino na bahati nasibu hii ya machimboni. Zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliuawa nchini tangu mwaka 2000, wengi wao Kanda ya Ziwa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 serikali ikatangaza marufuku tena.

Ni rahisi kuzilaumu filamu. Tarehe zinakataa. Simeon Mesaki ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa Usukumani. Wakati huo Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha runinga. Bibi mzaa baba wa mwandishi huyu, aliyepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote na macho yake kuwa mekundu kwa moshi, alihamishiwa Mwanza kutoka kijijini wilayani Magu mwaka 2004, baada ya jirani yake wa rika lake kukatwa mapanga. Hakuna tamthilia iliyofanya hilo.

Lakini tamthilia zilikosea mahali pengine. Katika kila moja, muuaji analia. Anamjua anayemtoa, anakumbuka uji aliopikiwa, na mzuka unaomrudia una jina. Katika mauaji halisi ya miaka ile, ingawa ndugu nao walitajwa katika baadhi ya mashauri, mnunuzi wa kiungo aliweza asilijue jina wala sura ya aliyeuawa. Kati yake na marehemu walisimama mganga, dalali na wakataji wa kukodiwa. Sharti la upendo lilikuwa limefutwa, na bei ikawekwa kwa shilingi.

Bibi alizitazama filamu hizo pamoja nasi jioni, kwa deki ya kukodi, mara nyingi akiuliza tafsiri. Siku moja mganga alipotaja sharti lake, bibi alimgeukia mjukuu na kuuliza kama katika filamu zote hizo ipo hata moja ambamo mganga ametakiwa kumtoa wa kwake. Tulifikiri kwa muda. Filamu ikaendelea, na yeye akarudia kuchambua mchele.