Kipande, Sahihi ya Mwajiri na Faragha ya Mfanyakazi katika Kenya ya Kikoloni

Historia ya kipande imezoeleka kuelezwa kwa kuanzia na alama za vidole. Mkabala huo una msingi wake, ila unaficha jambo zito zaidi. Makala haya yanadai kwamba kilichombana zaidi mfanyakazi ni maandishi ya mwajiri: kiwango cha mshahara, tarehe ya kuanza kazi na sahihi ya kuachishwa.

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya vita utekelezaji wake ulingoja hadi 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuandikishwa na kubeba hati yake ndani ya kijaluba cha chuma, ambacho wengi walikivaa shingoni. Wagikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Tashbihi hiyo, kwa maoni yangu, inaichambua sheria kuliko ripoti nyingi za serikali, kwa kuwa kengele humfaa mchungaji, si mbuzi.

Sahihi ya kuachishwa ndiyo iliyokuwa kiini. Mwajiri aliyemkasirikia mtumishi aliweza kukataa kuitia, na pasipo sahihi hiyo mwajiri mwingine hakuruhusiwa kumchukua. Aliyeondoka vivyo hivyo alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Kumbukumbu za ofisi kuu ya Nairobi zilisaidia kumsaka. Safu ya mshahara nayo ilifanya kazi kimyakimya: mwajiri mpya alisoma kiasi alicholipwa mtu hapo awali kabla hawajaanza hata kupatana. Siri ambayo mtafuta kazi angependa kuitunza ilining'inia kifuani pake.

Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku na wenzake. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliodai aachiliwe ukapigwa risasi jijini Nairobi.

Mwaka 1947 sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe kwa alama za vidole. Walowezi walipinga, wakiona kwamba wanatendewa kama wahalifu. Serikali ililegeza msimamo: waliotimiza sharti la elimu waliruhusiwa kutoa picha na sahihi badala ya alama. Hoja ya walowezi ilikuwa ya haki. Linalohitaji maelezo ni kwa nini hoja iyo hiyo, ilipotolewa na Waafrika kwa takriban miaka 30, ilichukuliwa kuwa uchochezi.

Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa vipimo vya setilaiti vya mahali mtu anapoishi, kwa kutegemea haki ya faragha iliyomo katika Katiba ya 2010. Uandikishaji mwingine uliruhusiwa kuendelea iwapo kanuni za kutosha zingewekwa kwanza. Swali la nani asome kumbukumbu zilizokwisha kukusanywa, ambalo kipande kililizusha, likaachiwa kanuni hizo.